Niletee Stesheni Zote

Hasira yangu ilianza na neno moja: "Tumeshakata."

Ni mwanangu huyo, kwenye simu, kutoka Dar. Ana sauti mbili yule. Ya nyumbani ni nyembamba, ile ile aliyokuwa akililia uji. Ya ofisini anaishusha tumboni, na anakohoa kwanza. "Hm-hm. Mama, tumeshakata tiketi ya ndege." Tumeshakata! Yeye na nani? Goti linalosafiri ni langu, mtani anayekufa ni wangu, halafu tiketi wamekata wao.

Ngoja nimseme kwanza huyo mtani, ndiyo utajua kwa nini mimi nilitaka treni.

Tulikulia pamoja Gongoni, hapa hapa Tabora. Mimi Mnyamwezi, yeye Mzaramo. Baba yake aliletwa na reli kutoka pwani, fundi wa mabehewa. Na Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na meno ya tembo mabegani. Walikuwa wakifika Uzaramo hoi, miguu imevimba, wanapokelewa kwa matusi na wali. Wakazoeana hivyo hivyo, matusi na wali, mpaka leo. Mtani anakutukana na huruhusiwi kununa. Anachukua kitu chako na huruhusiwi kudai. Na msibani mtani ndiye mwenye amri. Akisema kaa, unakaa. Akisema cheka, unacheka na kamasi zinakutoka. Wafiwa hawana ubavu wa kumwambia hapana.

Usichana wetu tulimalizia stesheni, tukiuza mayai ya kuchemsha. Treni ya Kigoma, ya Mwanza, ya Dar, zote lazima zipite kwetu, na kila behewa linaita mayai kwa mdomo wake. Mmoja anakemea, "We mama, leta hapa yai!" Mwingine anabembeleza kama anachumbia. Kulikuwa na Mhaya mmoja, karani, anatoa mkono dirishani na saa yake, "Naomba yai moja, lililochemshwa kwa uangalifu, na chumvi iwe safi tafadhali." Tukirudi nyumbani tunaigizana njia nzima. Mtani wangu alikuwa hodari wa makarani na mapadri. Mimi nilikuwa hodari wa Wagogo, wa wake wenza, na wa baba yake akilewa. Hatukusoma, si yeye si mimi. Masomo yetu yalikuwa hayo madirisha.

Akaolewa na dereva wa treni ile nyingine, ya kwenda Zambia. Akahamia Kasama, akazaa, akafiwa na mume, akabaki huko huko. Kisukari kikamla macho. Tukawa tunapigiana simu kutukanana.

Basi siku hiyo akapiga. Nikajua sauti imepungua, maana zamani nilikuwa naiweka simu mbali na sikio.

"Weye mbeba mizigo, ungali hai?"

"Nipo, mla nazi."

"Mie nakufa. Usinipe pole, pole zenu za bara zina vumbi. Moyo umejaa maji, daktari kasema. Njoo unitukane ningali nasikia."

"Nakuja. Nikuletee nini, michembe?"

"Viazi vyenu vile kama soli za viatu? Haya, lete, nitamtafunisha adui. Lakini mie nataka kitu kingine. Panda treni. Kila stesheni, sikiliza wanavyoita vitu vyao sasa hivi. Sitaki vya zamani, vya zamani ninavyo. Uje unifanyie hapa kitandani. Macho yamekwenda, masikio yapo. Niletee stesheni zote."

Nikamwambia sawa. Nilisema sawa kama mtu aliyeagizwa kiberiti dukani. Sikujua kwamba nyumbani kuna bunge.

Binti yangu, ninayekaa naye, ana duka la vipodozi Kanyenye, na akishangaa sauti yake inapitia puani. "Mamaaa! Treni mpaka Zambia? Na goti hilo?"

"Goti langu halisukumi treni."

"Si uende na basi mpaka Dodoma, upande ile ya umeme? Ile nzuri, ina kiyoyozi."

"Ile madirisha hayafunguki. Nitasikiliza nini, kiyoyozi?"

Akampigia kaka yake. Akaweka sauti kubwa, simu juu ya meza, tukaizunguka kama tunaangalia mgonjwa.

"Hm-hm. Mama, siku hizi mtu hasafiri nje ya nchi kwa treni. Treni ni ya mizigo."

"Na mimi si nimeambiwa ni mbeba mizigo?"

"Mama, sitanii."

"Ndiyo ugonjwa wako huo."

"Mama, nisikilize. Treni ya hapo kwetu ina siku zake, ile ya Zambia ina siku zake. Moja ikichelewa unakosa nyingine, unakaa Dar unaisubiri. Ukifika umkute kaburini, hizo stesheni utamwigizia nani?"

Hapo alinishika. Mtoto mjinga anaweza kukushika pabaya siku moja kwa bahati. Moyo uliojaa maji hauna ratiba, hilo nalijua. Nikasema, "Basi nimpigie mwenyewe nimuulize. Achague yeye. Nimfikie upesi mikono mitupu, au nichelewe nimebeba."

Binti yangu akaruka. "Mamaaa! Mgonjwa haulizwi mambo kama hayo!"

Haulizwi! Kwani ugonjwa umemkaa kwenye akili? Mtu mzima, amezaa, amezika, ana masikio na mdomo wa kututukana sote, haulizwi. Nikaacha kumpigia, wala mimi sikuulizwa. Kimya changu wakakichukua wakakiita ndiyo, na kesho yake ndipo likaja lile "Tumeshakata." Na binti yangu akabeba habari akaiuza Kanyenye pamoja na mafuta ya kujipaka. "Mama anapanda ndege, anakwenda nje." Wanawake wakaanza kunipa shikamoo mara mbili mbili. Hata wale wa rika langu! Paspoti yenyewe haijatoka, nimeshakuwa mheshimiwa. Hakuna aliyeniuliza nakwenda kwa nani.

Haya. Mpwa wangu wa Ipole akaniletea asali mbichi, mimi nikafunga michembe yangu niliyoianika mwenyewe, nikapanda hiyo ndege.

Pale Dar, kubadilisha ndege, nikakuta kijana kwenye mashine ya kukagua mizigo. Ana sauti ya mtu anayetafuna na hatafuni. Akafungua begi langu la mkononi. "Bibi, hii nini?"

"Michembe."

"Michembe ndo nini?"

"Viazi vitamu. Vinakatwa vinaanikwa."

Akanusa. "Mbona kama magome ya mti? Haya, pita. Na hii?"

"Asali."

"Hii haipandi, bibi. Ni kimiminika."

"Kimiminika! Hebu igeuze kama inamiminika. Hii inavutika."

"Sheria, bibi."

Akaiweka kwenye pipa. Kwenye pipa, pamoja na chupa za maji zilizonyonywa na watu na losheni za mabinti! Mtu amepanda mti Ipole, nyuki wamemng'ata mpaka kope, halafu asali iishie kwenye pipa kwa sababu haitaki kukaa kimya kama jiwe. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, kabila gani?" Akasema, "Mzaramo." Nikacheka kwa hasira. Hata kukasirika nikanyimwa, mtani huyo, kachukua na sina haki ya kudai. Nikamwambia basi uinywe, usiimwage, mbwa wewe. Akacheka na yeye, lakini sikuona akiitoa.

Ndani ya ndege nikatega masikio. Nilisema labda na huku kuna cha kuchukua. Hakuna! Watu wamekaa kama sahani kabatini. Kila mmoja kaziba masikio na vidude. Binti mmoja anasimama mbele, sauti imepakwa sukari, "Abiria wapendwa, tunawakaribisha kwa furaha kubwa," na uso hauna hiyo furaha wala ndogo yake. Nikamuuliza jirani yangu, "Mwanangu, hapo chini ni wapi?" Akatoa kidude sikio moja. "Sijui, bibi. Mawingu." Akakirudisha.

Na ile ya kwanza, kutoka Tabora kwenda Dar, ndiyo iliyoniuma zaidi. Ile njia babu zangu waliitembea kwa nyayo. Kila kambi walikuwa wanajua jina lake, wanajua maji yake, wanajua mwanamke gani hapo ana mdomo mchafu. Reli ikaja ikalala juu ya njia ile ile, na stesheni zikaota palepale penye kambi. Mimi nimepitishwa juu yake yote kama gunia, nimepewa juisi na karanga, karanga zenyewe za kuhesabu. Itigi iko chini huko inaita watu, mimi naambiwa mawingu.

Tukashuka Lusaka. Sasa sikiliza upumbavu. Kasama haiko Lusaka. Kasama iko huku huku kwetu, kaskazini, reli inapita mjini kwake. Ndege imenipeleka mbele, ikabidi nirudi nyuma kwa basi, kutwa nzima, kwa lugha nisiyoijua. Mwanangu alikuwa analijua hilo, akaniambia kwenye simu, "Hm-hm, Mama, hata ukijumlisha basi, bado ndege inawahi." Na kweli iliwahi, sitamnyima haki yake. Nilimkuta mtani wangu hai.

Binti yake alinipokea, ananiita mama mdogo, mtoto mwenye adabu, macho mekundu kwa kukesha. Akaniingiza chumbani. Mtani wangu kawa mdogo kitandani, tumbo limevimba, miguu imevimba, uso umebaki pua tu. Nikamwita, "Weye mla nazi!" Kope zikacheza. Hakuniuliza habari za safari. Hakuniuliza watoto.

"Itigi wanasemaje?"

Nikawa sina.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nikadanganya. Nikachukua sauti ya zamani, ya mwanamke wa kuku wa Saranda, nikamhamishia Itigi, nikaipandisha, nikaikoroga vizuri. Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema pole pole, "Huyo tulimzika tukiwa wasichana. Unanilisha kiporo." Akavuta pumzi. "Umekuja na ndege, mshenzi wewe."

"Walinikatia tiketi wao."

"Mdomo wako ulikuwa wapi?"

Nikambandikia sauti nilizokuwa nazo. Mwanangu na kikohozi chake. Binti yangu wa puani. Kijana wa mashine, "Sheria, bibi." Yule wa sukari, abiria wapendwa. Akacheka, kweli akacheka, binti yake akaja mbio kumshika mgongo. Nikampa mchembe akaulamba tu, akasema hata ladha ya soli umepoteza. Lakini akishamaliza kucheka anageuza uso ukutani, na mimi najua anangoja nini. Ni kama umemkaribisha mtu wali ukampa kachumbari peke yake.

Nilikaa naye. Namkanda miguu, namtukana, anapumua. Asubuhi moja akaniambia, "Ondoka."

"Unanifukuza?"

"Ukikaa hapa utanitazama nikikoroma, faida gani. Treni inapita leo. Panda. Kila stesheni uinyooshe simu dirishani, huyu mtoto ataniwekea ya kwangu sikioni. Mie nitakwenda na weye mpaka Tabora."

Binti yake akalia palepale. "Mama mdogo, ndiyo unamwacha hivi?"

Nikamwambia, "Wewe ni mwanawe, mpe maji. Mimi ni mtani wake, nampa stesheni."

Mwanangu alivyosikia! "Hm-hm! Mama! Umesafiri kote huko kumuona mgonjwa halafu unamwacha upande treni? Na tiketi ya ndege ya kurudi ipo, tumeshakata!"

"Ipande wewe."

Na kwa mara ya kwanza katika mambo hayo yote, nikakata mimi. Nikakata simu.

Sijui niseme nini kuhusu treni ile. Chafu, inasimama porini bila sababu, choo chake Mungu anakijua. Goti liliniuma, binti yangu alisema kweli. Lakini dirisha linafunguka. Tunduma, wabadilisha pesa wanarukaruka chini ya behewa, "Kwacha, kwacha, mama, kwacha!" Nikanyoosha mkono na kisimu changu cha kitochi, nikakirudisha sikioni. Mtani wangu akasema, "Huyo wa mwisho mwizi. Mwizi huvuta mwisho wa neno."

Mbeya akanunua kwa masikio maparachichi. Makambako baridi inakata, mwanamke wa viazi anaita huku anapiga chafya, mtani wangu akasema, "Mwambie anywe tangawizi." Mlimba mtandao ukakatika kwenye wali, tukakosa wali, akanilaumu mimi kama nimeumeza. Dar nikaingia sokoni makusudi, nikamsikilizisha kwao. Hapo niliona tu nisiondoe simu haraka.

Halafu treni yetu, ya zamani, ya kwenda bara. Morogoro ndizi, Kilosa miwa. Sauti yake ilikuwa inapungua, lakini hakuacha kukosoa. Dodoma kulikuwa na msichana wa karanga anaimba badala ya kuita, akasema, "Huyo ataolewa na mwanajeshi." Saranda, kuku. Wamekuja na mabeseni, wamegombana dirishani kwangu, "Bibi, kuku huyu! Bibi, usimsikilize, huyo wake kafa kwa homa!" Nikasikia kule upande wa pili kicheko kidogo, kama mtu anapuliza moto.

"Wanadanganya vizuri kuliko zamani," akasema. Halafu akasema, "Tabora usiinyooshe mbali. Iweke mdomoni mwao."

Manyoni hakujibu. Nikasema amelala. Itigi nikanyoosha simu, wakaita watu vyakula vyao, nikanyoosha mpaka treni ikaondoka. Nikairudisha sikioni, nikakuta analia binti yake.

Abiria walikuwa wanakula kuku wa Saranda, mafuta mpaka viwikoni. Nilitamani kuwapiga wote.

Mwanangu akapiga. Hakukohoa. Alitumia ile sauti ya uji. "Pole, Mama. Ila angalau ndege ilikuwahisha ukamwona." Na hapo ndipo hasira ilipopanda ikakaa, na mpaka leo haijashuka. Kwa sababu ni kweli. Na kwa sababu ningekwenda kwa treni tangu mwanzo, huenda angezipata zote, mpaka ya kwetu, mimi nimekaa kitandani kwake namfanyia kwa mdomo wangu. Au huenda ningekuta matanga. Sijui. Hakuna atakayejua. Mtu mmoja tu ndiye alikuwa na haki ya kuchagua, na tulisema haulizwi.

Tuliingia Tabora asubuhi, jua limeshatoka. Nikapiga kabla treni haijasimama.

"Mama mdogo?"

"Mmeshamwosha?"

"Bado. Wanachemsha maji."

"Mwekee simu sikioni."

"Mama mdogo..." Akashindwa, akaanza tena. "Mama amekufa."

"Sijakuuliza hilo. Mimi ni mtani hapa. Mwekee."

Nikamsikia anavuta kamasi. Nikasikia kanga inasogezwa, halafu hakuna kitu tena, hata pumzi.

Treni ikasimama. Wakaja wanawake na ndoo za mayai, mabinti wadogo kwa wajukuu zangu. Nikatoa mkono wote dirishani mpaka kwapani, nikamsogezea simu mdomoni yule wa karibu. Akarudi nyuma.

"Bibi, unataka yai au unaniuzia simu?"

"Ita."

"Niite nini?"

"Unauza nini wewe, hewa? Ita mayai! Ulivyokuwa unaita hapo unaita au unapumua? Mtu anakusikiliza!"

Akanikazia macho kwa hasira, akaweka ndoo chini, akavuta pumzi, akaita.